Salari slipu zinafanana, malipo hayafanani

Kila Mei Mosi ikikaribia, mazungumzo ya visiwani hugeukia mishahara. Barazani, kwenye daladala, kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyakazi, watu huulizana itapanda kiasi gani safari hii. Na mtu akithubutu kuuliza kuhusu malipo ya wanawake, jawabu hutoka haraka: serikalini hakuna mshahara wa mwanamke na mshahara wa mwanamme, kuna ngazi, na ngazi haina jinsia. Anayejibu hivyo huwa na ushahidi wa aina mbili. Wa kwanza ni kima cha chini cha watumishi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kilichotoka shilingi 150,000 kwenda 300,000 mwaka 2017 wakati wa Dk. Ali Mohamed Shein, na kutoka hapo kwenda 347,000 mwaka 2022 wakati wa Dk. Hussein Ali Mwinyi, kwa wake kwa waume. Wa pili ni majina: Mhandisi Zena Ahmed Said, mwanamke wa kwanza kuwa Katibu Mkuu Kiongozi wa Zanzibar tangu mwishoni mwa 2020, na Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Kizimkazi aliyeanza kazi kama karani serikalini mwaka 1977. Ikiwa karani wa kike amefika Ikulu, wanasema, pengo liko wapi?

Ninaamini tunaliangalia jambo hili mahali pasipo penyewe. Pengo la malipo kati ya wanawake na wanaume lipo, na kwa watumishi wa serikali za mitaa lipo kwa namna ya pekee, lakini halikai kwenye jedwali la mishahara. Linakaa katika vitu vinavyolizunguka jedwali hilo: nani anaitwa kwenye safari, nani anaingizwa kwenye kamati, nani anapewa barua ya kukaimu, nani anapanda daraja kwa wakati, nani ameajiriwa kwa masharti ya kudumu na nani bado ni kibarua, na kazi ya nani imehesabiwa kuwa ngumu. Nyongeza ya Mei Mosi, hata iwe kubwa namna gani, haiyagusi haya. Tukiendelea kuihesabu kuwa ndiyo dawa, tutaongeza mishahara kila mara na pengo litabaki pale pale.

Kwa nini serikali za mitaa hasa, na si wizara? Zanzibar ina wilaya 11, saba Unguja na nne Pemba, na Sheria Namba 7 ya 2014 ndiyo iliyozipa manispaa, mabaraza ya miji na halmashauri sura tunayoijua leo. Taasisi hizi zina jambo moja ambalo wizara nyingi hazina: mapato yao wenyewe, ya kila siku, yanayokusanywa kwa mkono wa mtumishi. Ushuru wa soko, ada ya usafi, leseni ya biashara, maegesho. Penye mapato ya ndani pana matumizi ya ndani, na penye matumizi ya ndani pana nafasi ya mkuu wa kitengo kuamua nani alipwe nini juu ya mshahara wake. Mshahara una sheria, una skeli, una mkaguzi. Posho nayo ina kanuni zake, ila mlango wake ni mpana zaidi, kwa sababu kanuni huweka kiwango cha posho ya safari na haisemi ni nani wa kusafiri. Halafu ndani ya taasisi hizo kuna mchanganyiko wa kazi usiopatikana kwingine: mhandisi, mhasibu, bwana afya, dereva wa gari la taka, askari wa baraza, mtoza ushuru, karani wa masjala, mhudumu, mfagiaji wa barabara. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2017, elimu ya maandalizi na msingi, afya ya msingi na kilimo navyo viliingizwa katika hesabu hiyo. Kazi nyingi namna hii chini ya paa moja maana yake ni kwamba mtu mmoja anakaa na kupima, kila mwezi, kazi ipi inastahili nyongeza na ipi haistahili.

Sheria tunazo, na ni nzuri. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 23, inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake bila ubaguzi wa aina yoyote. Tanzania iliridhia mwaka 2002 Mkataba Namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, na hapo ndipo pana neno ambalo wengi hulipita bila kulisoma. Mkataba ule hausemi malipo sawa kwa kazi ile ile tu. Unasema malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Na ukisoma tafsiri yake ya neno malipo, utakuta haliishii kwenye mshahara wa msingi. Linachukua na marupurupu yote, ya fedha au ya vitu, anayolipwa mfanyakazi na mwajiri kwa sababu ya kazi yake. Mtu akisema “ngazi haina jinsia” anajibu robo ya swali.

Nitaeleza jambo moja la nyumbani, kwa sababu ndilo lililonifungua macho. Kaka yangu na wifi yangu wameajiriwa na taasisi moja ya serikali za mitaa hapa Pemba. Waliingia mwaka mmoja, wote wana stashahada, wote wako daraja moja. Siku moja usiku, umeme umekatika, tulikaa ukumbini kwa taa ya simu, na wifi akatandaza salari slipu mbili juu ya mkeka ili anioneshe kwamba serikali haibagui. Kweli zilifanana: mshahara wa msingi ule ule, makato yale yale ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, kilichobaki kile kile hadi shilingi ya mwisho. Kisha kaka, bila ya kuulizwa, akatoa daftari lake dogo la kalamu ya risasi. Humo ameandika safari za Unguja kwa mafunzo, vikao vya kamati, zoezi la ukaguzi wa leseni lililochukua wiki tatu, kazi za jioni za kufuatilia wadaiwa. Tulipojumlisha, posho za mwaka mmoja zilikaribia mishahara yake mitatu. Wifi hakuwa na daftari. Mwaka ule alisafiri mara moja.

Kaka hakuiba, wala hakuomba. Aliitwa. Mkuu wake alikuwa akitafuta mtu wa kupanda boti Mkoani asubuhi na kulala Unguja siku nne, na akamfikiria yule asiye na mtoto mgongoni. Lakini mtoto yule ni wa wote wawili. Kaka aliweza kupanda boti kwa sababu wifi alibaki kumpeleka mtoto skuli, kumchukua chuoni alaasiri, kupika, kumuuguza mama mkwe, na asubuhi ya pili kuwahi kusaini kitabu cha mahudhurio. Safari ile ilikuwa na wafanyakazi wawili na ikalipa posho mmoja. Sisemi haya kuwagombanisha watu na wake zao. Nasema kwamba mwajiri aliyemwita mmoja na kumwacha mwengine kwa miaka sita mfululizo amewalipa watumishi wawili wa daraja moja mishahara miwili tofauti, na ushahidi haumo kwenye salari slipu, umo kwenye vocha.

Na safari si posho peke yake. Safari ya mafunzo huleta cheti, cheti huingia kwenye jalada, na jalada ndilo linalosomwa nafasi ya mkuu wa kitengo inapotoka. Anayesafiri hukutana na maofisa wa wizara, hufahamika kwa jina, hupigiwa simu mara ya pili. Anayebaki hufahamika kwa kuwa yupo tu, mama fulani wa masjala, mtu mzuri, hana tatizo. Miaka kumi baadaye, mmoja ana majukumu na mwengine ana sifa ya upole. Hapo ndipo tofauti ya posho inapogeuka kuwa tofauti ya mshahara wenyewe, na hapo ndipo msemo wa ngazi isiyo na jinsia unapoanza kupotosha, kwa sababu ngazi kweli haina jinsia ila wanaoipanda hawapandi kwa mwendo mmoja.

Chukua mfano wa kukisia. Watu wawili wanaajiriwa siku moja. Mmoja anapanda daraja kila anapotimiza muda wake. Mwengine, kila zamu, anachelewa miaka miwili: mara ya kwanza kwa sababu alikuwa likizo ya uzazi tathmini ya mwaka ilipofanywa na hakuna aliyemjazia fomu, mara ya pili kwa sababu ruhusa ya masomo ilimtaka aende kukaa Tunguu, Unguja, na watoto wako Micheweni, Pemba, mara ya tatu kwa sababu alikaimu nafasi bila ya barua, kwa hivyo miaka ile haikuhesabiwa. Hakuna hata mara moja alipolipwa chini ya skeli yake. Kila mwezi alilipwa kihalali. Lakini anapofika umri wa kustaafu wa miaka 60 yuko daraja moja au mawili nyuma ya mwenzake, na kwa kuwa michango ya hifadhi ya jamii hufuata mshahara, na kiinua mgongo na pensheni hufuata michango na mshahara, ucheleweshaji ule unamfuata hadi uzeeni. Hakuna ofisa yeyote utakayemnyooshea kidole. Ukiziangalia sababu moja moja, kila moja inaingia akilini.

Hilo la kukaimu linanikera zaidi ya mengine, kwa sababu kulitengeneza kunataka karatasi moja tu. Nawafahamu wanawake wanaoendesha vitengo kwa mwaka na zaidi kwa amri ya mdomo. “Mama, tushikie hapa mpaka tupate mtu.” Anashika. Anaandika ripoti, anahudhuria vikao vya madiwani kujibu maswali ya kitengo, anasaini kwa niaba. Mtu akipatikana, mama anarudi kwenye meza yake, na jaladani hakuna hata mstari mmoja unaosema alishika. Wanaume nao hutendewa hivi, sikatai. Lakini mwanamme huambiwa na wenzake adai barua, na akidai huitwa makini. Mwanamke akidai huambiwa ana tamaa ya cheo.

Tukitoka ofisini tukaenda barabarani, jambo linaonekana kwa macho. Toka alfajiri, kabla ya adhana, uende njia yoyote kuu ya mji. Utawakuta akina mama wameinama, ufagio wa chelewa mkononi, kanga imefungwa puani kuzuia vumbi, gari zinawapita kwa kasi na taa kali. Wanakusanya taka vichungu vichungu kando ya njia. Baadaye linakuja gari, vijana wanaruka, wanapakia, wanaondoka kuelekea jaani. Taka ni zile zile, asubuhi ni ile ile. Katika taasisi moja ninayoifahamu, waliomo kwenye gari hupata posho ya mazingira magumu, viatu vya mpira na glovu, na waliofagia hawapati, kwa maelezo kwamba kufagia si kazi ya hatari. Niliwahi kumsikia mama mmoja, mfagiaji wa miaka mingi, akisema kwamba vumbi analolimeza yeye kwa saa nne ndilo lile wanalolipakia wao kwa dakika kumi. Sijawahi kusikia hoja yenye nguvu kuliko hiyo katika mjadala huu.

Hapa nataka tuangalie Uingereza, kwa sababu kule swali hili limefika mwisho wake na gharama zake zimejulikana. Halmashauri ya jiji la Birmingham ilikuwa na jedwali la mishahara lililopangwa vizuri kama letu. Wapishi wa skuli, wasafishaji na wahudumu wa wazee, wengi wao wanawake, walikuwa ngazi moja na wazoa taka, wafagiaji wa barabara na wachimba makaburi, wengi wao wanaume. Mshahara wa msingi ulilingana. Ila wanaume walikuwa na bonasi, na wanawake hawakuwa nazo. Wanawake wakaenda kwenye mabaraza ya kazi, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba hata waliokwisha kuacha kazi, kesi ya watu 174, wanaweza kudai katika mahakama za kawaida. Halmashauri ikalipa, ikaendelea kulipa, na Septemba 2023 ikatangaza rasmi kwamba haiwezi tena kumudu matumizi yake. Miongoni mwa sababu ilizotaja ni deni la malipo sawa, lililokadiriwa wakati ule kuwa kati ya pauni milioni 650 na 760. Maktaba, vituo vya vijana na huduma za wazee vikaingia kwenye hesabu za kupunguzwa.

Kuna jambo dogo ndani ya kisa hicho ambalo kwangu ni kubwa kuliko mapauni. Birmingham, mfagiaji wa barabara alikuwa mwanamme, na kazi yake ikaonekana nzito, ikastahili bonasi. Kwetu mfagiaji ni mwanamke, na kazi ile ile, ufagio na vumbi na magari, inaonekana nyepesi, ni kama kuendeleza kazi za nyumbani. Kwa hivyo wanaosema tofauti ya malipo hutokana na uzito wa kazi wanatakiwa watueleze ni kwa nini uzito wa ufagio hubadilika kwa kufuata mkono ulioushika.

Sasa hoja za upande wa pili, maana zipo na baadhi yake nazipa uzito. Ya kwanza ni kwamba wanawake wenyewe huchagua. Wapo wanaokataa safari, wanaokataa zamu za usiku, wanaoomba kubaki masjala kwa sababu saa tisa na nusu wanataka kuwa nyumbani. Ni kweli. Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2023, ameonesha kwa data za Marekani za zaidi ya miaka 200 kwamba sehemu kubwa ya pengo la siku hizi haipo kati ya watu wanaoanza kazi, inazuka baada ya mtoto wa kwanza kuzaliwa, kwa sababu kazi zinazolipa zaidi ni zile zinazomtaka mtu awe tayari muda wote. Kwa hivyo sikatai kwamba uchaguzi upo. Ninachouliza ni kama swali huulizwa. Wifi yangu hakukataa safari tano, hakuambiwa kwamba zipo. Kukataa ni haki yake, na mwajiri hana sababu ya kumkatalia kabla yeye hajafungua mdomo. Na kwa safari zile ambazo kweli hawezi, ipo njia ya kupanga mafunzo Chake Chake badala ya Mjini, na mkufunzi mmoja kuvuka bahari ni nafuu kuliko watumishi ishirini.

Ya pili ni ya fedha, na ndiyo nzito kuliko zote. Mabaraza mengi, hasa ya Pemba, mapato yake ni madogo. Mkurugenzi anayehangaika kutia mafuta kwenye gari la taka hana pa kuitoa posho mpya kwa wafagiaji wote. Namwelewa. Lakini sehemu kubwa ya ninayoyasema haihitaji shilingi mpya. Kugawa safari kwa zamu hakugharimu. Barua ya kukaimu ni karatasi na muhuri. Kujaza fomu ya tathmini ya mtu aliye likizo ni dakika ishirini. Kinachohitaji fedha ni kupima upya kazi za usafi, na hapo nakubali twende hatua kwa hatua, tukianza na glovu, viatu na barakoa, ambazo kila anayegusa taka angepaswa kuwa nazo toka siku ya kwanza.

Ya tatu ndiyo dhaifu, lakini ndiyo inayosemwa zaidi, na mara nyingi husemwa na watu ninaowaheshimu. Husemwa kwamba mwanamme ndiye mwenye jukumu la matunzo ya nyumba kwa dini na kwa mila zetu, na chumo la mwanamke ni lake mwenyewe. Kwa hivyo hapana ubaya mwanamme akipata zaidi kidogo, kwani anakula na watu. Hoja hii inachanganya mambo mawili. Wajibu wa mume kwa mke ni wa mume. Si wa baraza la mji, wala baraza la mji halijapewa kazi ya kuutekeleza kwa niaba yake kupitia posho. Mwajiri angekuwa analipa kwa kuangalia mzigo wa nyumbani, basi kapera angelipwa chini ya mwenye wake wawili kwa kazi moja, na hakuna anayelitaka hilo. Dini yenyewe imeweka wazi kwamba wanaume wana fungu lao katika walichokichuma na wanawake wana fungu lao katika walichokichuma, na hiyo ni Sura ya An-Nisaa, aya ya 32. Halafu tuyaangalie maisha yalivyo. Nenda Mahkama ya Kadhi siku yoyote ya kazi ukae kwenye benchi la nje. Utawaona wanawake wanaodai matunzo ya watoto kutoka kwa wanaume waliotoweka, na wengi wao wametoka kazini kwa ruhusa ya saa mbili. Wale ndio wenye nyumba. Mzigo huo wanao, fungu linalodhaniwa kwenda nao hawana.

Turudi Mei Mosi. Siidharau nyongeza ya mishahara. Kima cha chini kinapopanda peke yake, au kinapopanda kwa kasi kuliko ngazi za juu, kinamfaa moja kwa moja mfagiaji, mhudumu na karani, na hao ndio wanawake wengi wa mabaraza yetu. Kwa maana hiyo, hatua ya 2017 ya kukiongeza mara mbili huenda imefanya kazi kubwa ya kupunguza pengo kuliko semina zote za jinsia zilizofuata. Lakini nyongeza ya asilimia ile ile kwa wote ni hadithi nyengine. Asilimia 10 ya mshahara wa 400,000 ni 40,000. Ya mshahara wa 1,200,000 ni 120,000. Tofauti ya laki nane imekuwa laki nane na elfu themanini, na bei ya unga sokoni ni moja. Wakati wa kushangilia nyongeza, la kuuliza ni imepandia wapi: chini, juu, au kote kwa mkupuo mmoja. Na hata ikipandia chini, haifiki kwa mama aliyeajiriwa kwa kibarua cha miezi mitatu mitatu kwa mwaka wa saba, kwa sababu hayumo kwenye ngazi yoyote, wala haifiki kwa anayefagia chini ya kampuni iliyopewa zabuni ya usafi, kwa sababu kima chake si hicho.

Nini kifanyike ni jambo la kawaida kabisa, na ndiyo maana linaudhi kwamba halijafanyika. Tangu mwaka 2017 Uingereza inawalazimisha waajiri wenye wafanyakazi 250 na zaidi, halmashauri zikiwemo, watangaze kila mwaka tofauti ya wastani wa malipo kati ya wanawake na wanaume, pamoja na bonasi zao. Sisi hatuhitaji kusubiri sheria mpya. Orodha ya malipo ya kila baraza tayari ina jina, jinsia, daraja, tarehe ya kuajiriwa na tarehe ya kupanda daraja. Vocha za posho zina jina na kiasi. Kazi ya mhasibu mmoja kwa wiki moja inatosha kutoa jedwali la safu chache: wastani wa mshahara, wastani wa posho, idadi ya siku za safari, miaka ya kusubiri daraja, wanaokaimu kwa barua na wanaokaimu bila barua, wake kwa waume. Jedwali hilo liwekwe mbele ya madiwani pamoja na makisio ya bajeti, kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai. Na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye tayari huzipitia vocha hizo kuangalia kama saini zipo, anaweza kuangalia pia ni majina ya nani yanayojirudia.

Najua jedwali la namna hii litawatisha baadhi ya wakurugenzi, na najua wapo watakaoshangaa kwa dhati, kwa sababu hawakukusudia. Mkuu wa kaka yangu ni mmoja wao, nina hakika. Ni mtu mwadilifu, anaswali, hajawahi kumnyima mtu haki yake kwa makusudi. Angeliona jina moja likijirudia mara kumi na nne kwenye safu ya safari na jina la pili mara moja, angelijua la kufanya bila ya kuambiwa. Kasoro ni kwamba hakuna aliyewahi kumwekea safu hiyo mbele yake. Na jedwali lenyewe, likitengenezwa kutokana na orodha ya malipo peke yake, litawaacha nje vibarua na wafagiaji wa kampuni. Hao majina yao hayamo humo, yamo kwenye daftari la msimamizi wa usafi, kwa hivyo mhasibu itabidi aamke alfajiri moja aende akaliombe.

Wifi yangu sasa ana daftari. Amelinunua dukani pale pale Chake Chake, la kurasa arobaini. Kwenye ukurasa wa kwanza ameandika tarehe aliyoambiwa kwa mdomo ashike kitengo, na chini yake amechora mstari mtupu kwa ajili ya namba ya barua.